Jina Lisiloandikwa Kwenye Yai

Katika shule ya bweni ya watawa wa Kikatoliki huko Hong Kong, mwanzoni mwa miaka ya 1950, kulikuwa na dakika moja ya asubuhi iliyowagawa wasichana mafungu mawili. Mzazi akija kumwona mwanawe alimletea mayai. Kila yai liliandikwa jina la mwenyewe, likachemshwa pamoja na mengine, na wakati wa kifungua kinywa majina yakaitwa. Anayeitwa anainuka, anapokea yai lake, anarudi kuketi. Asiyeitwa anaendelea kula kilichopo, macho chini. Adeline Yen Mah, aliyekuwa mmoja wa wasichana wale, ameeleza kwamba yai pale halikuwa chakula. Lilikuwa ushahidi kuwa nje ya ukuta kuna mtu anayekukumbuka. Jina lake halikuitwa.

Na hakuwa mtoto wa fukara. Baba yake aliishi jiji hilohilo, mfanyabiashara ambaye tangu ujana wake kule Tianjin watu walimsifu kwamba akishika chuma kinageuka dhahabu. Yai lingempunguzia nini mtu kama huyo?

Nimeanza na yai kwa sababu habari za watoto wa matajiri huwa hatuzisikilizi mpaka mwisho. Tukiambiwa mtoto amekulia nyuma ya geti kali, kuna mpishi, kuna dereva, ada inalipwa kabla shule haijafunguliwa, tunamaliza mazungumzo palepale: anakula, anavaa, anasoma, anataka nini tena? Swali hilo huulizwa Dar es Salaam na Nairobi, na ndilo lililoulizwa Shanghai. Kwa maoni yangu ndilo ukuta mrefu kuliko wote uliomzunguka mtoto yule. Ilimchukua mpaka mwaka 1997, akiwa daktari mwenye umri wa karibu miaka 60, kutoa kitabu kinachoeleza maisha ya utotoni mwake. Ninayoyasimulia hapa ni kama alivyoyasimulia yeye.

Alizaliwa Tianjin mwaka 1937, mwaka ambao majeshi ya Japani yaliuteka mji huo. Mama yake alifariki siku chache baada ya kujifungua. Wakubwa zake wanne walikuwa wameshamjua mama, walimlilia, na walipotafuta wa kumlaumu wakamwona aliye karibu: kichanga. Nyumbani akahesabiwa kuwa mkosi. Msomaji wa Kiswahili hahitaji kufafanuliwa sana hapa. Tuna akina Shida, Tabu na Mashaka katika kila mtaa, watu waliobeba maisha yao yote jina la yaliyowapata wazazi siku walipozaliwa. Lakini Shida wetu mara nyingi hudekezwa kama mtoto mwingine, jina likabaki kumbukumbu tu. Kwa Adeline mkosi haukuwa jina. Ulikuwa kesi, na kila siku ilisikilizwa upya.

Baba alioa tena, binti wa miaka 17, baba yake Mfaransa na mama Mchina, mrembo wa kutazamwa. Watoto wa ndoa ya kwanza wakaambiwa wamwite Niang, neno jingine la mama. Niang naye akazaa wawili. Familia ilipohamia Shanghai, katika eneo lililokuwa chini ya Wafaransa, nyumba yenyewe ikawa inasema kila kitu kwa ghorofa zake. Baba, Niang na watoto wao wawili walikaa ghorofa ya chini ya ile ya wengine. Juu yao, kwenye vyumba visivyo vya kuonyesha wageni, waliwekwa watoto wa marehemu pamoja na babu na shangazi. Asubuhi wa juu walikula uji wa mchele na mboga za kuhifadhiwa kwa chumvi. Wenzao walikula mkate, nyama, matunda na mayai.

Mayai, tena.

Halafu kulikuwa na nauli ya tramu. Shule ilikuwa mbali. Watoto wa kwanza waliambiwa hakuna nauli, na anayeitaka aende mwenyewe kwa Niang akaiombe kwa unyenyekevu. Mmoja baada ya mwingine wakubwa walikwenda, wakainamisha vichwa, wakapewa. Adeline, mdogo kuliko wote, alikataa kwenda. Akatembea kwa miguu, kwenda na kurudi, mvua na baridi.

Jambo hili lina siri ya nyumba nzima ndani yake. Nyumba ile haikukosa senti za tramu, na kubana matumizi hakukuwa na maana kwa watu waliokuwa na dereva. Nauli ilifanywa mlango wa kupitia: upite umeinama, au ubaki nje. Katika nyumba ya maskini mtoto akikosa nauli anajua mama naye hana, na anaweza hata kumwona mama akiumia kwa kukosa. Kukosa kwao ni kwa pamoja. Katika nyumba ya tajiri kila kinachokosekana kimezuiwa na mtu, na mtoto anamjua aliyezuia, anakaa naye meza moja. Ndiyo maana nakataa kabisa hoja kwamba mtoto wa tajiri asiyependwa ana nafuu kwa kuwa angalau anakula. Kile chakula ndicho kinachomwambia kila siku kwamba upo uwezo, ila si kwa ajili yake.

Kuna siku mtoto alipewa kifaranga cha bata. Akakipenda kwa mapenzi ambayo hakuwa na mahali pengine pa kuyapeleka. Nyumbani kulikuwa na mbwa mkali aliyekuwa akifundishwa utii na mwalimu wa kulipwa, na jioni moja baba akataka kuona kama mafunzo yameingia. Akaagiza aletwe kifaranga mmoja awe kipimo. Akaletwa wa Adeline. Mbwa alitii kwa muda, kisha akaruka na kukidaka mguu. Kifaranga kilikufa, na yeye na kaka yake mmoja wakakizika bustanini.

Baba hakuwa na chuki na kifaranga kile, wala huenda na mtoto. Alitaka kujua kama pesa aliyomlipa mwalimu wa mbwa imezaa matunda. Hilo ndilo linaloniuma zaidi ya vibao vyote nitakavyovitaja. Chuki angalau inakuona.

Wachina wenyewe wana hadithi ya zamani inayofanana na hii mpaka unashtuka. Ilinakiliwa na mwanazuoni Duan Chengshi katika karne ya 9, zamani za utawala wa Tang, na inamhusu binti aitwaye Ye Xian. Mama yake amekufa, kisha baba, amebaki mikononi mwa mama wa kambo anayemtuma kuni sehemu za hatari na maji kwenye visima virefu. Binti anafuga samaki mwenye mapezi mekundu na macho ya dhahabu. Samaki hamtokei mtu mwingine ila yeye. Mama wa kambo anavaa nguo za binti, anakwenda bwawani, samaki anainua kichwa akidhani ni rafiki yake, anauawa na kuliwa. Baadaye ndio inakuja karamu, na kiatu cha dhahabu, na mfalme. Hadithi hiyo imeandikwa miaka mingi sana kabla ya zile za Ulaya tunazozijua za binti na kiatu chake. Hivyo mtoto asiyependwa si mgeni katika fikra za Wachina. Wamemjua kwa zaidi ya miaka 1,000. Wanajua hata kwamba anayetaka kumuumiza humtafutia kile kiumbe kimoja anachokipenda.

Wamemjua, lakini wamemwagiza nini? Katika enzi ya Yuan zilikusanywa hadithi 24 za watoto wema, na kwa karne nyingi zilisomwa na kuchorwa ili kufundisha xiao, yaani utii na hisani ya mtoto kwa wazazi. Mmoja wa watoto hao ni Min Ziqian, aliyekuwa mwanafunzi wa Konfyusio, mwanafalsafa wa kale ambaye mafundisho yake ndiyo msingi wa mila hizo. Mama wa kambo aliwashonea wanawe makoti ya baridi yaliyojaa pamba. La Min akalijaza manyoya ya matete, ambayo yanafura kama pamba lakini hayana joto. Siku moja akiendesha gari la baba yake mikono ikafa ganzi, hatamu zikamponyoka. Baba akadhani ni uvivu, akamchapa, koti likachanika na manyoya yakapeperuka hewani. Baba akaelewa, akataka kumfukuza mke. Min akapiga magoti akamwombea: mama akibaki, mtoto mmoja atasikia baridi, mama akiondoka, watoto watatu watasikia baridi.

Ni hadithi nzuri, na mwanamke yule, wanasema, alijuta akabadilika. Nimeisoma mara nyingi nikitafuta mahali ambapo mtu mzima anamwomba radhi Min Ziqian. Sijapaona. Anayesifiwa ni mtoto aliyestahimili. Shun, mfalme wa kale, baba na mama wa kambo walijaribu kumuua. Anasifiwa kwa kuendelea kuwatumikia. Wang Xiang alilala juu ya barafu ili iyeyuke apate samaki wa kumpikia mama wa kambo aliyemchukia; anasifiwa. Na Guo Ju, maskini, aliamua kumzika mwanawe akiwa hai ili chakula kimtoshe bibi wa mtoto. Alipochimba akakuta dhahabu, mtoto akapona. Mwandishi Lu Xun, aliyepewa kitabu cha hadithi hizo akiwa mdogo, aliandika mwaka 1926 kwamba tangu hapo aliogopa umaskini usiwaingie nyumbani kwao, na hakutamani tena kuwa mtoto mwema, maana bibi yake alikuwa hai. Miaka saba kabla ya hapo, 1919, aliwahi kusema jambo ambalo mpaka leo linawachoma watu: kumzaa mtoto si fadhila ya kudaiwa kulipwa, na badala ya fadhila paweke upendo.

Sisi nasi tuna radhi. Mtoto wa pwani anakua akijua kwamba radhi ya mzazi ni mali kuliko mali, na kwamba laana ya mama haina dawa. Sibezi hata kidogo; nimelelewa humo na bado naomba radhi kila nikiondoka nyumbani. Lakini katika dini zetu na katika mila zetu mzazi naye ana haki za mtoto shingoni mwake, na mashehe huzitaja, ingawa si kwa sauti ileile. Radhi inayotiririka upande mmoja tu inageuka kodi.

Hata hivyo, wengi wakimaliza kusoma maisha ya Adeline husema kwa mkato: ni mila za Konfyusio hizo. Hapo ndipo ninapotofautiana nao, na sababu yangu ni babu.

Mzee yule, baba wa baba, alikuwa kwa mujibu wa mila ndiye mkuu wa nyumba. Wote wangepaswa kusimama akiingia. Naye alikuwa na fedha zake. Akazikabidhi zote kwa mwanawe kwa saini yake, kama wazee wanavyofanya wakiamini kwamba mwana ni kitega uchumi kisichopata hasara. Baada ya mkewe kufariki akahamia Shanghai kwa mwanawe, na alipotaka hela ndogo ya mfukoni akajikuta hana pa kuipata isipokuwa kwa mkamwana. Mzee ambaye xiao ilimweka juu ya kila mtu akawekwa ghorofa moja na watoto wasiopendwa, akila chakula chao. Alikufa Hong Kong mwaka 1952, na aliyemlilia kweli ni yule mjukuu mkosi.

Kama ni mila ndiyo iliyotawala pale, babu angekuwa salama. Mila ilichukuliwa kipande: utii wa watoto ukabaki, heshima kwa wazee ikatupwa, na aliyechagua kipande gani kibaki ni mwenye ufunguo wa sanduku. Pesa ilikuwa ndiyo katiba ya nyumba ile. Konfyusio alikuwa pazia tu.

Na pesa ikitawala nyumba, ndugu hawawezi kupendana. Kila mmoja anajifunza kwamba nafasi ni chache. Dada mkubwa alihamishwa akateremshwa kwa wenye mayai, akapewa chumba chake mwenyewe, na tangu siku hiyo akawa mtu wa upande wa pili. Kaka walitulia, wakajifunza kunyamaza. Mtoto wa Niang mwenyewe, binti mdogo aliyekuwa ameachwa Tianjin na bibi, alipoletwa Shanghai hakumtambua mama yake, akalia na kumkataa. Niang akampiga, na kadiri alivyolia akazidi kumpiga. Watu wazima wote walikuwa chumbani: baba, babu, shangazi. Aliyesema "usimpige tena, ni mtoto mchanga" ni Adeline, aliyekuwa hajafika hata miaka sita. Niang akamwambia hatamsahau kwa neno lile. Na kweli hakumsahau.

Darasani mtoto yule alikuwa wa kwanza karibu kila wiki. Hilo nalo tulitazame kwa uangalifu, maana huwa tunalitaja kama faraja: hakupendwa nyumbani lakini alifaulu. Alisoma kama mtu anayezama anavyoshika ubao. Wenzake darasani walimpenda, wakamchagua kuwa kiongozi, na kwa furaha yao wakamfuata nyumbani bila taarifa na zawadi mikononi, wafanye sherehe ya kumshtukiza. Hawakujua kwamba nyumba ile haikuwa ya kufikiwa. Niang alimwita juu, akamzaba makofi hadi damu ya pua ikatiririka kwenye nguo ya shule, akamwamuru ashuke awafukuze. Wale watoto walikuwa sebuleni, wanasikia. Alipoingia kati yao wote waliona damu, na hakuna aliyeitaja. Waliweka zawadi zao, wakaaga.

Siku zile zile ukaamuliwa uhamisho. Ilikuwa mwaka 1948, vita vya wenyewe kwa wenyewe vimepamba moto, majeshi ya Kikomunisti yanashuka kutoka kaskazini, na kila mwenye uwezo anakimbilia kusini. Yeye alipelekwa kaskazini, Tianjin, kwenye bweni ambalo wanafunzi wengine walikuwa wakiondolewa mmoja mmoja mpaka akabaki karibu peke yake. Aliondolewa na shangazi wa upande wa Niang, mwanamke aliyekumbuka kwamba kuna mtoto pale. Tianjin iliangukia mikononi mwa Wakomunisti tarehe 15 Januari 1949.

Ndani ya ndege ya kwenda huko baba alipewa fomu ya kujaza. Jina la mtoto la Kichina? Hakulikumbuka. Tarehe ya kuzaliwa? Hakuijua. Akafikiri kidogo, akamwandikia tarehe yake mwenyewe, 30 Novemba. Na mpaka leo hiyo ndiyo siku ya kuzaliwa ya Adeline Yen Mah: siku ya baba yake.

Hapa kuna neno la Kichina linalonisaidia kufikiri. Neno lenyewe ni guan. Maana yake ni kutawala, kusimamia, na wakati huohuo kujali. Mtafiti Ruth Chao, katika andiko lake la mwaka 1994, alitumia neno hilo kueleza kwa nini ukali wa wazazi wa Kichina hausomeki vizuri kwa vipimo vya Wamarekani. Mama anayesimama nyuma ya kiti mpaka mtoto amalize hesabu, anayefoka, anayekataza michezo, mtoto wake anaweza kukua akijua bila shaka kwamba anapendwa, kwa sababu ndani ya ukali ule yupo mtu aliyejitoa. Sisi pia tunawajua akina mama wa namna hiyo. Wachina wana msemo kwamba kipigo ni huruma na matusi ni mapenzi, msemo ambao umeficha maovu mengi, lakini haukuzuka hewani. Kwa hiyo tusichanganye mambo mawili. Mtoto wa mzazi mkali anaandikwa: alama zake zinajulikana, urefu wake unajulikana, siku ya homa inakumbukwa. Adeline hakuwa na guan. Kwenye fomu alikuwa nafasi tupu, na baba alipotakiwa kuijaza hakuwa na kitu mkononi isipokuwa nafsi yake.

Mambo yakaja kugeuka akiwa na miaka 14. Aliandika mchezo wa kuigiza kwa ajili ya shindano, juu ya nzige na msichana wa Kiafrika aliyenyakuliwa kwao. Nalitaja kwa makusudi. Mtoto wa Kichina bwenini Hong Kong, akitafuta umbo la kuupa upweke wake, alilipata katika binti wa bara letu aliyeibwa. Mchezo ukashinda, jina likatoka gazetini. Baba akamwita nyumbani, na kwa mara ya kwanza alikuwa na uso wa furaha, kwa sababu mtu mmoja kwenye lifti alikuwa amemuuliza kama ni ndugu wa mshindi. Wachina heshima ya mbele za watu huiita uso. Mtoto alikuwa amempa baba uso. Zawadi ilikuwa ruhusa ya kwenda kusoma Uingereza. Akasema angependa fasihi. Baba akasema hapana, atasoma udaktari, na udaktari ukasomwa. Hata katika siku njema kuliko zote mtoto hakuulizwa mara ya pili.

Alisoma London, akahamia California, akawa daktari wa nusukaputi, akaolewa, akapata watoto na pesa yake mwenyewe. Msomaji asiyempenda Niang anafurahi hapo na kutaka hadithi iishe. Lakini yeye aliendelea kurudi Hong Kong, na zawadi, na barua, na tumaini. Baba alifariki mwaka 1988. Watoto wakakusanywa kwa wakili, wakagawiwa nakala za wosia, kisha kabla hawajafungua Niang akawaambia hakuna haja ya kusoma zaidi, baba yao hakuacha kitu. Watu wazima, wengine wenye mvi, wakarudisha makaratasi mezani bila kufungua. Nikifika hapo huwa nasimama. Mtu mwenye miaka 50 anaambiwa asisome wosia wa baba yake, na anatii, kwa sababu utii ule aliufundishwa alipokuwa na miaka mitano. Niang naye alifariki mwaka 1990, na wosia wake ulipofunguliwa Adeline hakuwa ameachiwa chochote.

Msomaji wa pwani aliyezoea mirathi ya Kiislamu, ambapo fungu la kila mtoto limeshakadiriwa na wosia hauvuki theluthi, huenda akashangaa inawezekanaje. Sheria ya wosia Hong Kong ilifuata ya Waingereza, na ya Waingereza inampa mtu uhuru mkubwa wa kumwachia mali yake amtakaye. Kwa mzazi wa kawaida uhuru huo hauna madhara. Kwa mzazi aliyetawala kwa nauli ya tramu ni fimbo isiyozikwa naye. Adeline hakuwa na shida ya fedha ile. Alichokitazama kwenye karatasi ni kilekile alichokisikiliza bwenini: kama jina lake litaitwa.

China ya leo si ile ya mwaka 1948, lakini deni bado linadaiwa upande uleule. Tangu tarehe 1 Julai 2013 sheria ya kulinda wazee inawataka watoto wanaoishi mbali kuwatembelea wazazi wao mara kwa mara. Naiunga mkono, wazee wengi wameachwa peke yao vijijini. Sheria ya ukatili wa nyumbani ilianza kutumika Machi 2016, nayo inawahusu watoto pia. Ila hakuna sheria inayoweza kumwamuru mzazi amjue mwanawe, na sidhani kama ipo ya kutungwa. Mwaka 2018 msomi mmoja aliyehitimu chuo kikuu cha Peking na kwenda kusoma Marekani aliandika barua ndefu ya kuwalaumu wazazi wake, baada ya miaka 12 bila kurudi nyumbani sikukuu ya mwaka mpya. Nchi nzima ikabishana. Wengi walimwona mtovu wa shukrani: amesomeshwa, amefika Marekani, anataka nini tena?

Nimebakiza mtu mmoja kwa makusudi, yule shangazi wa ghorofa ya juu, dada wa baba, ambaye hakuolewa. Katika ukoo huo kulikuwa na mwanamke aliyeanzisha benki ya wanawake Shanghai mwaka 1924, shangazi wa baba, na huyu shangazi mdogo alifanya kazi humo. Hakuwa na sauti nyumbani. Hakuwa na uwezo wa kuzuia kibao hata kimoja, na pengine alipaswa kujaribu zaidi. Nimejiuliza hilo mara nyingi. Lakini alilala chumba kimoja na mtoto, akamsikiliza, akamwambia kila mara kwamba ana kitu ndani yake.

Mtoto alipoleta ripoti za shule, shangazi alizichukua zote, kuanzia ya kwanza. Akazitia kwenye sanduku la chuma analofungia vitu vyake vya thamani, akalifunga. Ufunguo akauvaa shingoni kwa mnyororo, chini ya nguo, akaenda nao kazini na kurudi nao kila siku, katikati ya familia iliyokuwa na masanduku mengi, na ndani ya hili hapakuwa na pesa.